Kusaka Bajia Mwisho wa London: Siku Nane za Southall na Ealing Road

Daftari la safari hii lina madoa ya ukwaju kurasa tatu, na simu ina picha zaidi ya mia nne, nyingi za sahani. Nimesharudi Dar, vumbi limetulia, ndiyo nimepata nafasi ya kuyapanga. Anayetafuta habari za Big Ben hapa hakuna. Sikufika hata karibu.

Ijumaa, 25 Oktoba 2024. Hayes

Mdogo wangu ni muuguzi, anaishi Hayes na mumewe na binti yao wa miaka tisa. Hayes ni London kwa anwani tu. Kwenda katikati ya jiji ni kama kutoka Kibamba kwenda Posta, tofauti ni kwamba wenzetu wana treni. Ndege za Heathrow zinapita chini kiasi kwamba ukianua nguo unaweza kusoma maandishi ya ubavuni.

Safari niliipa kazi moja: kula chakula cha Kihindi kilicho kizuri. Baba yetu alikuwa karani wa duka la vitambaa la Mhindi pale Kisutu, Dar, zaidi ya miaka ishirini. Kila Jumamosi alirudi na kachori zimefungwa kwenye gazeti, mafuta yamepenya hadi kwenye habari za mpira. Mizani yangu ndiyo hiyo, na mahoteli mengi yameshapimwa nayo yakapungua. Dada alinipigia mwaka jana akasema, "Kaka, njoo. Huku Wahindi ni wengi kuliko Upanga."

Usiku ule nikamwonyesha shemeji orodha niliyoandaa. Ya kwanza ilikuwa Brick Lane, mtaa unaosifika kwa migahawa ya Kihindi. Akachukua kalamu akaikata. "Hiyo waachie watalii. Migahawa mingi inayoitwa ya Kihindi nchi hii ni ya watu wa Sylhet, Bangladesh, na wanapika wanachodhani Mwingereza anataka. Wewe nenda wanakokula Wahindi wenyewe, na wenyewe wako huku huku pembezoni." Nikalala na orodha yenye majina mawili: Southall na Ealing Road.

Jumamosi, 26 Oktoba. Southall kwa basi la 207

Nimeanza kwa kujiaibisha. Nimepanda basi la 207 pale Uxbridge Road, nikamnyooshea dereva noti ya pauni 10 kama nampa kondakta wa Mbagala. Akatikisa kichwa. Mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu mwaka 2014, na kadi yangu ya benki, niliyohakikishiwa kwamba inafanya kazi dunia nzima, ilipogusa mashine ikalia mlio wa kukataa. Nyuma yangu foleni, mvua ya manyunyu, watu kimya. Waingereza hawakufokei, wanakaa kimya, na kile kimya ni kibaya kuliko kufokewa.

Mama mmoja wa Kipunjabi, mtu mzima, koti la sufu juu ya shalwar, akapitisha mkono kando ya bega langu akagusa mashine mara ya pili kwa kadi yake nyingine. "Sit, beta." Beta ni mwanangu. Nilipotaka kumpa sarafu ya pauni 2 akaikunjia ndani ya kiganja changu, akafunga vidole vyangu kimoja kimoja, kama bibi anavyokupa hela ya pipi wazazi wasione. Kisha akageukia dirisha. Mazungumzo yakaishia hapo.

Kwa atakayefuata: nauli ya basi mwaka ule wa 2024 ilikuwa pauni 1.75, na ukipanda basi jingine ndani ya saa moja hulipi tena. Nunua kadi ya Oyster, ile ya nauli, siku ya kwanza, usitegemee kadi ya nyumbani. Mimi nilibadilisha pauni kwa shilingi 3,500 na kitu, kwa hiyo safari moja ilikuwa elfu sita na ushee. Hesabu hiyo usiipige ukiwa ndani ya basi, utashuka utembee.

Kituo cha treni cha Southall kina kibao chenye jina kwa Kiingereza na kwa maandishi ya Kipunjabi. Wapunjabi walianza kujaa hapa miaka ya 1950, viwanda vilipokuwa vinatafuta mikono, kikiwemo kiwanda cha mpira ambacho ofisa wake aliwafahamu Masingasinga tangu vitani. Baadaye Heathrow ikameza wengine. Leo ukitembea The Broadway, barabara kuu ya mtaa, unasikia harufu tatu zikipokezana kila hatua kumi: udi, mafuta ya kukaangia, na mahindi ya kuchoma. Ndiyo, mahindi, kwenye jiko la mkaa, yamepakwa ndimu na pilipili. Nikasimama nikamwangalia yule muuzaji kama ndugu.

Mbele ya Jalebi Junction, duka la jalebi, vile vitamu vya kukaanga vya kuchovya kwenye shira, kuna kijana anakaangia nje, dirishani kabisa, na hapo nilisimama robo saa. Ana kitambaa kimetobolewa tundu dogo, ndani yake ujiuji wa ngano uliochachuka. Anakiminya juu ya karai huku mkono ukizunguka: duara, duara, duara, halafu mstari mmoja wa kufunga. Haangalii. Anaongea na mwenzake. Mikate ile inaibuka, inageuka rangi ya samli, anaikokota kwa ncha ya chuma hadi kwenye shira, anaihesabia pumzi kama nne hivi, anaitoa. Ukiiuma ikiwa bado moto inavunjika kwanza, halafu shira inakufikia. Nilinunua za pauni 3 nikidhani nitazipeleka nyumbani kwa mpwa wangu. Zilifika mbili.

Chakula cha mchana shemeji alinikuta huko, na tulikosea. Tulikuwa na njaa, na mlangoni pa mgahawa mmoja alisimama bwana akituita kwa bashasha, menyu ina picha za rangi kubwa kama kalenda. Tuliagiza vyakula vitatu. Vilikuja vyekundu, vya machungwa na vya kahawia, na baada ya tonge la pili nilimtazama shemeji naye akanitazama: mchuzi mmoja, majina matatu. Naan ilikuwa ngumu upande mmoja. Bili pauni 41 kwa watu wawili, ndani yake asilimia 12.5 ya huduma ambayo hatukuiomba wala kuiona.

Hiyo asilimia ni ya hiari. Ukisema kwa upole iondolewe, inaondolewa. Mimi nilikuja kulijua hilo jioni, nikiwa nimevua viatu.

Jumapili, 27 Oktoba. Saa iliyorudi nyuma

Dada alikuwa ameniambia kuna mahali wanapika chole bhature za asubuhi, dengu kubwa zenye mchuzi mzito na mkate wa kukaanga uliovimba kama mpira. Wanafungua saa nne. Mimi saa nne kamili, kwa saa yangu ya mkononi, nilikuwa mlangoni. Pamefungwa. Nikasubiri dakika kumi, ishirini, meno yanagongana. Mzee aliyekuwa anamtembeza mbwa akanionea huruma, akagonga saa yake kwa kidole, kisha akanionyesha simu yake. Saa tatu na dakika ishirini. Usiku ule Uingereza nzima ilikuwa imerudisha saa nyuma kwa saa moja, kama wanavyofanya Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Simu yangu ilijirekebisha yenyewe, lakini mimi ni mtu wa saa ya mkononi.

Baridi ndiyo iliyonipeleka gurdwara. Sri Guru Singh Sabha iko Havelock Road, kuba lake la dhahabu unaliona kwa mbali juu ya mapaa ya nyumba za matofali. Lilifunguliwa mwaka 2003 na ni miongoni mwa mahekalu makubwa ya Masingasinga nje ya India. Mlangoni kuna kikapu cha vitambaa vya kichwa. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa mikono, unashuka kwenye ukumbi wa chakula. Hakuna anayekuuliza dini wala jina. Unakaa chini kwenye zulia refu, sinia ya bati yenye vijumba mbele yako, na watu wanapita na ndoo: dali, mboga ya viazi na koliflawa, mtindi, wali wa maziwa. Mkate wao, roti, unaupokea kwa mikono miwili. Nilinyoosha mmoja, bibi aliyekaa jirani yangu akanyanyua wa pili kutoka gotini kwangu akauweka mahali pake.

Dali ile nimeiandikia mstari mmoja daftarini: "Hii ndiyo." Ilikuwa nyeusi, imechemka usiku kucha hadi punje zimesahau kuwa punje, tangawizi inakuja mwisho kabisa, kooni. Bure, siku nzima, kwa kila anayeingia. Jana yake tulilipa pauni 41.

Kwa aibu ya kula bure niliomba kuosha vyombo. Wakanipa aproni, wakanisimamisha kwenye beseni la chuma kati ya mwanafunzi wa chuo na mzee mwenye ndevu nyeupe hadi kifuani. Mzee akauliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania, na kwamba langar, hiki chakula cha bure cha gurdwara, si mara yangu ya kwanza, niliwahi kula Makindu gari letu lilipoharibika njiani kati ya Mombasa na Nairobi. Akaacha sinia ielee. "Makindu!" Akawaita wawili wengine. Gurdwara ya Makindu ilijengwa mwaka 1926 na Masingasinga wa reli, na kila Singasinga aliyewahi kuishi Kenya, au mwenye shangazi aliyeishi Kenya, analo la kusema kuhusu chai yake. Kwa dakika kumi kazi haikuendelea. Mwanafunzi akaosha vyetu.

Ukienda: usiingie na sigara wala pombe hata mfukoni, chukua unachoweza kumaliza, na kama magoti yanasumbua waambie, watakutafutia pa kukaa. Wenzetu Waislamu wanaohofia nyama wasihofu, hapo hapapikwi nyama kabisa. Kwenye migahawa ya Broadway ni lazima uulize. Mingi ya Wapakistani ni halali na imebandika cheti dirishani, lakini ya Masingasinga si lazima iwe hivyo.

Jua lilizama saa kumi na moja kasorobo. Nilidhani ni wingu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Dada alitoka zamu ya usiku, nyumba nzima ikalala. Shemeji alipika wali na maharage.

Jumanne, 29 Oktoba. Ealing Road

Hii ndiyo siku niliyoijia, ingawa asubuhi sikuijua.

Njia yangu ilikuwa 207 hadi Ealing Common, halafu treni ya chini ya ardhi ya Piccadilly vituo vitatu hadi Alperton. Pale Ealing Common jukwaa moja linapokea treni za njia mbili. Mimi nikaingia ya kwanza iliyofunguka, ikaenda kituo kimoja, ikaishia: Ealing Broadway, mwisho wa reli. Nimepanda ya District. Rudi tena. Angalia maandishi ya mbele ya treni, usiangalie mlango ulio wazi.

Kutoka Alperton unapanda Ealing Road kwa miguu kuelekea Wembley. Southall ni Punjab, huku ni Gujarat, na kwa mtu wa Dar tofauti inaingia masikioni kabla ya machoni, kwa kuwa Kigujarati ndicho tulichokisikia Kisutu na Upanga miaka yote. Nguo za sari, masonara, na matunda yamemwagwa nje hadi nusu ya njia ya miguu: bamia, mabiringanya madogo kama mayai, mlonge umefungwa mafungu kama kuni, majani ya uwatu. Halafu nikaona mihogo. Imepakwa nta ing'ae isiharibike safarini, na juu yake kibao kimeandikwa kwa kalamu nene: MOGO.

Nilimpigia dada. "Mogo ni nini?" Akacheka hadi akakohoa. Ni muhogo. Wahindi walioishi kwetu waliondoka nao mdomoni, silabi moja ikadondoka njiani, na sasa vijana waliozaliwa Wembley wanadhani ni neno la Kigujarati. Ipo madukani ndani ya mifuko ya barafu, ipo kwenye menyu ya kila mgahawa mtaa ule: mogo ya kukaanga, mogo ya pilipili, mogo ya ndimu.

Maru's Bhajia House ni chumba kidogo, meza zimebanana, wapo hapo tangu 1976 na asili ya bajia zao ni Nairobi. Niliingia na mizani yangu ya Kisutu nikiwa tayari kukosoa. Kwetu bajia ni ya kunde au dengu iliyosagwa. Yao ni kiazi, kimekatwa vipande vyembamba vya mviringo, vikapakwa unga wa dengu wenye majani ya giligilani, vikatumbukizwa. Unga haufuniki kiazi chote, unashika kwa mabaka, kwa hiyo kila kipande kina sehemu inayovunjika na sehemu laini kama kiazi cha kuchemsha. Punje nzima za giligilani zinapasukia kwenye jino. Chatini yake ni nyekundu, ukwaju na nyanya, nyepesi kama maji ya urojo, na ndiyo iliyonichafulia daftari. Chini ya pauni 10 nilikula hadi nikalegeza mkanda.

Nikamrekodia mke wangu ujumbe wa sauti. Namwambia, "Mama watoto, hawa watu wanajua, lakini bado kachori za Kisutu..." Kutoka meza ya nyuma sauti ikaingia: "Kachori ya Kisutu iko nzuri, lakini hapana semea hapa, mwenye duka atasikia."

Nikageuka. Mzee wa Kihindi, kofia ya sufu, kikombe cha chai. Nikasema lile linalotoka lenyewe: "Shikamoo, mzee."

Alinyamaza kidogo, akaweka kikombe chini kwanza. "Marahaba." Kisha akarudia taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani: "Marahaba, marahaba."

Alizaliwa Kisumu, baba yake akiwa na duka la jumla. Mwanzoni mwa 1968 walikuwa na pasi za Uingereza, na minong'ono ilikuwa mingi kwamba Uingereza itaufunga mlango. Baba yake aliuza duka kwa bei ya kutupa, wakapanda ndege Februari. Sheria ya kuwazuia watu kama wao ikapita tarehe 1 Machi. "Wiki tatu," akasema, akanyoosha vidole vitatu. "Binamu yangu nasema ngoja, mimi nauza mali polepole. Yeye nangoja miaka minne." Wale wa Uganda walikuja baadaye, Amin alipowapa siku 90 mwaka 1972, na mitaa hii ikajaa watu wanaojua ugali ni nini.

Kiswahili chake kimesimama mwaka 1968. Anasema gari moshi. Aliniuliza kama Kariakoo bado ipo. Nikamwambia ipo, ila ukifika leo utapotea kwa maghorofa. Akataka kujua bei ya embe. Nilipoitaja kwa shilingi akashika kichwa.

Ndiye aliyenipa kanuni niliyoitumia siku zote zilizobaki. Usitazame picha wala nyota za kwenye simu. "Angalia bibi wa Kigujarati nakula wapi. Bibi hapana danganywa na hoteli. Yeye najua kupika hii kitu miaka sitini." Tukatoka, akanionyesha kwa fimbo: Sakonis pale, hawapiki nyama, mogo yao ina pilipili ya kweli, hekalu la mawe pale, lilifunguliwa 2010, mawe yamechongwa India, na kibanda cha tambuu pale kona.

Tambuu! Bibi yangu wa Tanga alikuwa na kijaluba chake cha shaba chenye popoo na chokaa, na sikuwahi kuruhusiwa kuonja. Hapa nikanunua ya tamu, bila tumbaku: jani limekunjwa pembetatu, ndani nazi, shamari na jamu ya waridi. Unaiweka yote shavuni na huwezi kuongea. Ukutani kuna tangazo la halmashauri: kutema tambuu barabarani ni faini. Basi nikameza kila kitu, na mzee akanitazama nikihangaika, akafurahi kweli kweli. Tuliagana kwa mikono miwili. Bili ya chai yake na bajia zangu, nilipofungua pochi mapema kumtangulia, ilikuwa imeshalipwa.

Jumatano, 30 Oktoba. Neasden

Shule zilikuwa likizo fupi, nikamchukua mpwa wangu. Hekalu la Swaminarayan la Neasden limefunguliwa 1995: vipande 26,300 vya mawe na marumaru vilichongwa India, vikaletwa kwa meli na kuunganishwa kama fumbo. Ukilitazama kutoka barabarani, kati ya nyumba za kawaida na maegesho ya magari, unadhani limeshushwa na winchi usiku. Ndani hakuna kupiga picha, kwa hiyo sina cha kuwaonyesha.

Mbele yake kuna Shayona, mgahawa wao. Hawatumii kitunguu wala kitunguu saumu, kwa masharti ya imani. Mimi mpishi wa nyumbani nikajiuliza mchuzi bila kitunguu unasimama kwa mguu gani. Unasimama. Wanategemea mvuje, tangawizi na bizari nyembamba, na dosa yao, ile chapati ya unga wa mchele, ilikuwa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Mpwa wangu alikula pani puri saba, vile viputo vya unga vya kukaanga vyenye maji ya viungo ndani, kila moja akiifungia macho. "Mjomba, inapasuka yenyewe mdomoni!" Hiyo ndiyo sentensi yake ndefu zaidi ya Kiswahili wiki nzima. Bibi za Kigujarati: niliwahesabu kumi na mmoja. Mizani ikakubali.

Alhamisi, 31 Oktoba. Diwali, na mbuzi aliyeoga

Hatimaye dada alipata usiku wa mapumziko, tukavaa, tukaenda watu wazima watatu kula Madhu's, South Road, Southall. Mpwa alibaki kwa jirani. Weka nafasi mapema. Sisi tuliweka siku nne kabla na bado tulipata meza ya karibu na mlango.

Hapa historia inakwenda hivi: ukoo wa Anand ulikuwa na Brilliant yake Nairobi kabla ya kuhamia Uingereza. Mwaka 1975 wakafungua Brilliant nyingine hapa Southall, Western Road, na mwaka 1980 tawi jingine la ukoo likafungua Madhu's. Ukilijua hilo, menyu haikushangazi. Sisi hatukuwa tunalijua. Dada aliifungua, akanyamaza, akaifunga, akaifungua tena.

"Kaka. Soma hapa."

*Nyamah Choma. Machuzi Kuku. Boozi Bafu.*

Shemeji alikuwa wa kwanza kupasuka. Dada, kwa uso mkavu wa kazini, akamwita mhudumu akamwuliza kama huyu *boozi bafu* ni mbuzi aliyetoka kuoga. Kijana wa watu, mzaliwa wa hapa hapa, akaeleza kwa adabu kwamba ni chakula cha asili cha Kenya. Tukamweleza nasi kwa adabu: mbuzi, mbavu, na bafu ni mahali pa kuogea. Akaomba tumwandikie kwenye karatasi, akaipeleka jikoni. Tulisikia kicheko kutoka nyuma ya mlango.

Na yule mbuzi, kumbe, ni kondoo. Mbavu zimechomwa kwanza halafu zikaingia kwenye mchuzi wa vitunguu na nyanya uliokaushwa hadi mafuta yamejitenga. Hapa nikaweka uma chini nikala kwa mkono, na meza ya jirani, familia ya Kipunjabi, wakaangaliana, nao wakaweka zao chini. Machuzi kuku yalikuwa na ladha ninayoifahamu bila kuijua: mchuzi wa sherehe, wa sufuria kubwa, unaopikwa nje. Bili ilikaribia pauni 100 kwa watatu. Ni ghali, na sitadai vinginevyo. Ila kama una usiku mmoja tu Southall na una hela, peleka pale.

Nje Diwali ilikuwa imeshika mtaa. Fataki kila upande, moshi wa baruti chini ya taa, magari hayasogei, watu wamejitokeza madirishani mwa magari na sanduku za peremende. 207 yetu ilisimama mahali pamoja dakika ishirini na tano. Dereva akafungua milango, akasema anayetaka kutembea atembee. Tukatembea hadi Hayes, saa nzima, na nyumba mbili tusizozijua zilitutolea barfi, vitamu vya maziwa, getini. Dada alizifunga kwenye leso kwa ajili ya binti yake. Mimi yangu sikuifikisha hata kwenye taa za barabarani.

Ijumaa, 1 Novemba. Heathrow

Kabla ya uwanja wa ndege shemeji alizunguka kupitia Ealing Road, kwa sababu nilimwahidi mke wangu bajia zile zile. Nilizifungisha kwenye karatasi ya foili, na chatini kwenye kopo la plastiki, kopo kubwa. Sanduku lilikuwa limeshajaa mogo ya kukaanga, ile mikavu ya pakiti, basi vyote viwili vikaingia kwenye begi la mkononi.

Wakati ule kimiminika cha zaidi ya mililita 100 hakikupita, basi nyote mmeshaona tatizo. Mimi sikuliona hadi begi lilipotolewa kando.

Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, kilemba cha kijivu. Akalinyanyua kopo kwenye mwanga. "Kimiminika, zaidi ya mililita 100. Haliwezi kupita." Kisha akalinusa kupitia kifuniko, akanitazama. "Maru's?"

Nikakiri.

Akaangalia foleni nyuma yangu, akaangalia foili. Akanisogeza na begi langu hadi mwisho wa meza, karibu na pipa la taka, akaniwekea kopo mbele na kulifungua kifuniko yeye mwenyewe. "Una dakika tano," akasema, "halafu linaingia humu."

Nilichovya za kwanza mbili kwa aibu. Ya tatu nikamsogezea foili. Akatikisa kichwa, yuko kazini. Ya nne akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akachukua kipande kidogo cha pembeni, kile kilichoungua.